Aliyeagwa Ameondoka

Awali ya yote nitambue uwepo wako, msomaji, na wa wote ulioketi nao, na kama hapo kuna mkubwa ambaye sikumtaja kwa cheo chake, namwomba radhi mapema asije akanifukuzisha kazi. Mimi ni mshereheshaji. Kwa miaka kumi na saba nimeshika kipaza sauti cha Wizara ya Kuaga na Kupokea ya Jamhuri ya Maandalizi.

Huenda kwenu hamna wizara kama hiyo. Poleni sana. Kwetu ndiyo kubwa kuliko zote, inaizidi ya Afya kwa ghorofa nane. Mwananchi wa Maandalizi haondoki hivihivi, kama kuku. Akiondoka bila kuagwa rasmi, taifa limeibiwa mtu. Na akirudi bila kupokewa, hajarudi, hata kama amekaa sebuleni kwake anakula ugali na watoto. Kanuni ya kumi na nne inasema wazi: aliyeagwa ameondoka, na aliyepokewa amefika. Ni kanuni fupi na tamu mdomoni, na nimeisoma mbele ya wageni wakubwa wakapiga makofi bila kuielewa.

Naeleza haya ili mjue kwamba yaliyompata Sista Sikudhani Kibwana hayakutokana na uzembe wa mtu yeyote. Kila mtu alifanya kazi yake, tena vizuri. Hilo ndilo linalonifanya hadi leo nikikaa nisimame, nikisimama nikae.

*

Sista Sikudhani alikuwa muuguzi wa wodi ya tatu katika hospitali ya Ukomo, mji wetu wa mwisho kabla ya mpaka. Mpaka wenyewe ni mto, na juu ya mto kuna daraja, na upande wa pili ndiyo nchi ya Ng'ambo. Ukisimama dirishani mwa wodi ya tatu unaona nguo zilizoanikwa Ng'ambo, na kama macho yako ni mazima unajua ni za nani. Watu wa Ukomo huinjika maharage, wakavuka kununua nyanya, wakarudi maharage hayajaiva.

Mwezi wa tatu mvua zilizoa vyoo vya Ng'ambo na kipindupindu kikaingia. Yakasimamishwa mahema meupe, na ndani ya mahema hayo akawekwa muuguzi mmoja, jina lake Leokadia. Leokadia na Sikudhani walisoma chuo kimoja cha uuguzi, wakalala kitanda cha juu na cha chini miaka mitatu. Siku ya nne ya ugonjwa Leokadia akapiga simu.

"Sikudhani, dripu ninazo, maboksi kwa maboksi. Mikono ndiyo sina. Nina watu arobaini kwenye mikeka na niko peke yangu. Nikitafuta mshipa wa huyu, yule anaishiwa maji. Njoo, mwenzangu."

"Jumamosi asubuhi nipo kwako," alijibu Sikudhani. "Natembea tu."

Angetembea tu, hadithi ingeishia hapo. Kosa lake lilikuwa adabu. Alikwenda kwa metroni wake, akaomba likizo yake ya mwezi mmoja akajitolee Ng'ambo. Metroni akafurahi, akamweleza mganga mkuu. Mganga mkuu akafurahi, akaandika barua wilayani. Wilaya ikafurahi mno, ikapeleka mkoani, na furaha ikazidi kupanda ngazi hadi ikatufikia sisi makao makuu, Ijumaa saa nane mchana, hatuna hata turubai.

"Msimamisheni huyo mama!" alipiga kelele mkurugenzi wetu wa Kuaga, Bwana Fidelis Kamtawa. Ni mtu mwema, ila hajawahi kutazama uso wa mtu, hutazama orodha. "Mtu wa kwanza kwenda kujitolea nje tangu tupate uhuru, halafu avuke daraja na begi mgongoni kama anakwenda sokoni?"

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Sista alipofika darajani alikuta barua iliyotumwa kwa faksi inamngoja. Ilimtaka aripoti makao makuu, kwa kuwa wasafiri wa heshima huondokea uwanja wa ndege. Daraja halina zulia jekundu, barua ilifafanua, na upepo wa mtoni hupeperusha hotuba. Kutoka makao makuu angepanda ndege hadi nchi ya tatu, kutoka huko ndege nyingine hadi mji mkuu wa Ng'ambo, kisha gari siku moja na nusu mpaka kwenye mahema. Makao makuu yako mwendo wa siku mbili kwa basi, upande wa pili kabisa. Ili afike mahali alipokuwa anapaona kwa macho, ilibidi kwanza aende mbali hadi asipaone.

*

Alifika Jumatatu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ninachokumbuka ni kwamba hakutaka kukaa. Ukumbi wetu wa kusubiri una viti mia mbili, na watu wa Maandalizi wanajua kuvikalia. Wapo waliokuja kuaga shangazi zao na sasa wana wajukuu. Yeye alikuwa akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani.

"Dada, keti upumzike," nilimwambia.

"Nikikaa nitalia, kaka. Acha nitembee."

Akaitwa kujaza Fomu ya Hiari. Bwana Kamtawa mwenyewe ndiye aliyemhoji, kwa uzito wa jambo.

"Nani amekuagiza ujitolee?"

"Hakuna. Nimejitolea."

"Nimekuelewa, mama. Lakini kwa agizo la nani?"

"Mzee, ningeagizwa nisingekuwa nimejitolea."

Bwana Kamtawa alivua miwani akaifuta. "Hiari isiyo na agizo ni vurugu. Leo wewe unajitolea kutibu watu. Kesho mwingine atajitolea kuziba mashimo ya barabara. Keshokutwa atatokea mtu anajitolea kusema ukweli. Nchi itakwenda wapi?" Akatazama fomu, akaona nafasi bado iko wazi, akanigeukia. "Hebu muagize huyu."

Nikamwagiza ajitolee. Nilitumia sauti yangu ya sherehe, ile ya chini kidogo, na muhuri ukagongwa.

Simu yake ikalia palepale. Alikuwa Leokadia. Sista aliegemea dirisha, akatupa mgongo. "Bado," nilimsikia akisema. "Wananiandaa." Akasikiliza kwa muda. "Wangapi leo?" Kisha akarudi kwenye kutembea.

*

Maandalizi yalichukua wiki mbili na siku tatu, jambo ambalo kwetu ni mbio. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Waziri mwenyewe, na Waziri alikuwa safarini akiaga watu wengine. Kamati ya fulana iligawanyika kuhusu rangi. Kamati ya keki ilikubaliana mapema kwamba keki iwe na umbo la ndege, lakini ikachelewa kwenye suala la nani akae dirishani. Kila asubuhi Sista aliletwa uwanjani kufanya mazoezi ya kupunga mkono. Afisa wa itifaki alimfundisha: taratibu, kutoka kwenye kiwiko, huku ukitabasamu upande wa kamera. Hakuweza. Alipunga kama mtu anayeita msaada.

"Jamani, niacheni niende na basi," alisema siku ya tisa. "Nirudi Ukomo, nivuke mwenyewe. Hotuba mtanitumia."

"Na mgeni rasmi amuage nani?" aliuliza afisa, kwa mshangao wa kweli.

Siku ikafika, Alhamisi. Sitasema mengi kuhusu sherehe kwa sababu mimi ndiye niliyeiendesha na sipendi kujisifu. Bendi ya tarumbeta ilipiga. Wanafunzi wa shule sita walisimama juani tangu saa moja na walioanguka hawakuzidi kumi. Mheshimiwa Waziri alizungumza saa mbili na nusu.

"Ndugu wananchi," alisema, "safari ni nini? Safari ni hatua! Na hatua ni nini? Ni mguu! Na mguu huu wa Sista, nawauliza, ni wa nani?"

"Wa Serikali!" umati ukajibu, kama tulivyouzoeza.

Akamkabidhi bendera. Sista naye akaombwa amkabidhi Waziri pasi yake ya kusafiria, aiinue juu ipigwe picha, na wakati makofi yanaendelea Kamati ya Kumbukumbu ikaichukua, ikaitia kwenye fremu ya kioo na kwenda kuitundika katika Ukumbi wa Walioondoka. Kisha akapita kwenye zulia jekundu, akapanda ngazi za ndege, akageuka juu kabisa, akapunga ule upungaji wake mbaya, akaingia. Mlango ukafungwa. Watu walilia, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Tulipomaliza kula keki, na wageni wa meza kuu wakisindikizwa kwa ving'ora, nilipanda ngazi kwenda kuchukua kipaza sauti kidogo kilichobaki shingoni mwake. Nilimkuta kiti cha kwanza, amefunga mkanda, bendera mapajani.

"Kaka, tunaondoka saa ngapi? Humu joto kali."

Ndege hiyo haina injini. Ni ile tunayopigia picha. Injini zake zilitolewa kabla mimi sijaajiriwa. Nilidhani kila mtu anajua.

"Dada," nilimwambia, "umeshaondoka."

Alifungua mkanda, akauliza polepole, kama anavyoulizwa mgonjwa anayeweweseka, "Leo ni tarehe ngapi?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akaweka uso kwenye bendera ya taifa, na nadhani hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

*

Kesho yake alikwenda uwanja wa ndege halisi, na mimi nikamfuata kwa sababu sikuweza kukaa ofisini. Ndege ipo, injini zipo, nafasi yake ipo. Afisa wa uhamiaji, binti mpole, akaandika jina lake kwenye kompyuta.

"Umeondoka jana, saa sita na dakika ishirini."

"Sijaondoka. Si mimi huyu?"

"Nakuona, mama. Lakini mimi kazi yangu ni kutoa watu waliomo nchini, na wewe humo tena. Inabidi kwanza urudi."

"Nirudi kutoka wapi?"

"Huko ulikokwenda."

Tukarudi kwa Bwana Kamtawa, naye akaliona jambo ni jepesi. Sista arudi rasmi, apokewe kwa sherehe, kisha aagwe upya. Na ili apokewe aandike kwanza taarifa ya safari. "Kurasa tano zinatosha," alisema akitazama orodha. "Mafanikio na changamoto. Changamoto usizidishe."

Sista alichukua begi lake akaenda stendi. Nilitaka kumwambia samahani, lakini kwa miaka kumi na saba sijawahi kusema chochote kisichokuwa kwenye ratiba, na neno lilipokuwa tayari basi lilishaondoka.

*

Haya ya darajani nilisimuliwa na Koplo Zebedayo, mlinzi wa mpaka, mtu ambaye Sista aliwauguza watoto wake wote wanne.

"Nilimwambia, Sista, ningekupisha hata sasa hivi, pasi sikuulizi. Lakini gazeti hili hapa linasema upo Ng'ambo, na picha yako ukiwa juu ya ngazi. Nikikuruhusu uvuke, mtakuwa wawili kule. Nitaandika nini kwenye daftari?"

Sista akasimama ukingoni mwa mto. Upande wa pili Leokadia akatoka kwenye hema, wakaonana, wakapigiana simu huku wanatazamana. Koplo anasema alisikia kila neno kwa sababu simu ya Sista ilikuwa mbovu, haisikiki ila kwa kipaza sauti chake.

"Nakuona," Leokadia alisema. "Umevaa kitenge cha bluu."

"Nami nakuona. Umekonda."

"Yule mtoto wa Mama Penina niliyekuambia, aliyeanza kunywa uji. Amekufa asubuhi hii. Nilikuwa nimeshika mwingine."

Hawakukata simu. Koplo anasema aligeuka akatazama maji, na tangu siku hiyo hagusi gazeti hata la kufungia maandazi.

Alirudi hospitalini kwake aombe angalau kazi. Metroni alimkumbatia, akamtengea chai, akalia naye, na akamkatalia. Jina lake lilifutwa kwenye zamu tangu Alhamisi ile. Mtu aliyeko nje ya nchi akimchoma sindano mgonjwa aliyeko ndani, nani atawajibika? Sista akawa anazunguka mjini. Asubuhi utamwona sokoni, saa nne ukingoni mwa mto, mchana nje ya uzio wa hospitali, miguu haitulii. Watu walimsalimia kwa kunong'ona, wasije wakashitakiwa kwa kumwona.

*

Mto hauna pasi. Wiki ya pili ya mwezi wa tano ugonjwa ulivuka.

Serikali haikusema kipindupindu. Ilisema ni kuhara kwa kawaida kulikotokea kwa watu wengi kwa wakati mmoja kwa bahati. Lakini wodi ya tatu ikajaa, ya pili ikajaa, watu wakalazwa kwenye veranda, na wauguzi wawili waliokuwapo nao wakaugua. Ng'ambo mambo yalikuwa yametulia. Mganga mkuu wa Ukomo, bila kumwandikia mtu barua, akapiga simu ng'ambo ya mto.

Sisi makao makuu tukasikia jambo moja tu: wageni wa kujitolea wanakuja nchini! Upande wa Kupokea uliamka kama umemwagiwa maji ya baridi. Ndani ya siku mbili, narudia, mbili, tulikuwa Ukomo na turubai, viti, bendi na Waziri. Turubai lilisimamishwa mbele ya lango la hospitali kwa kuwa ndipo palipokuwa na kivuli kizuri, na meza kuu ikakaa langoni kabisa. Kuingia ndani ilibidi uzunguke nyuma, kwenye jiko.

Wageni walikuwa wameshafika kwa miguu tangu saa moja asubuhi, na dripu kichwani. Tuliwasimamisha kwenye mstari wasubiri. Mgeni asiyepokewa hajafika, na ambaye hajafika hawezi kushika mgonjwa. Walikuwa wanne, magauni meupe ya uuguzi ya Ng'ambo yenye ukosi wa kijani. Nilipopita nikikagua mstari niliona wa nne gauni linambana mabegani, kama la kuazima. Alikuwa Sista Sikudhani.

Niliwatazama wengine. Metroni alikuwa anatazama viatu vyake. Koplo Zebedayo alikuwa anatazama viatu vyake. Mji mzima wa Ukomo, watu mia tatu chini ya turubai, walikuwa wanatazama viatu.

Mkuu wa wageni akanipa karatasi ya majina. Nilijua ni Leokadia kabla hajasema.

"Sista," nilimuuliza, kwa sababu nilitaka kujua kweli, "huko kwenu nani aliwaaga?"

"Nilimwambia mama natoka. Akaniambia nisisahau kandambili." Akaniangalia. "Kaka, wewe ndiye unayesoma hiyo karatasi? Huyu mwenzangu nilimngoja siku thelathini na nne. Watu kumi na tisa wamenifia nikiwa namngoja. Isome basi, tuingie."

Niliona aibu. Sijui niiseme vipi zaidi ya hivyo. Niliona aibu mbele ya umati uliozoea kunipigia makofi.

"Soma," alininong'oneza Bwana Kamtawa kutoka nyuma. "Idadi inalingana na orodha."

Nikasoma. Majina matatu, kisha la nne: "Sista Sikudhani Kibwana, kutoka nchi rafiki ya Ng'ambo." Makofi ya Ukomo yalikuwa makubwa kuliko yote niliyowahi kuyasikia, na hatukuwa tumewazoeza.

Mheshimiwa Waziri akapita kwenye mstari akipeana mikono. Yeye aliyemkabidhi Sista bendera alimshika mkono mtu yuleyule kwa uchangamfu uleule.

"Karibu sana Maandalizi. Ni mara yako ya kwanza?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ajabu! Na lugha yetu unaiongea vizuri hivyo! Umejifunzia wapi?"

"Wodi ya tatu. Naomba nipite."

Waziri akacheka, akaingiza mkono kwenye koti akatoa hotuba. Niliuona unene wake. Na hapo, kutoka kwenye dirisha la veranda, sauti ya mwanamke ikaita, dhaifu, ikirudia: "Sista! Sista Sikudhani! Nakufa mimi!"

"Mnaona?" Waziri aligeukia kamera. "Ndio ukarimu wa wananchi wetu. Mgeni hajamaliza hata dakika kumi, wameshamjua jina!"

Alipogeuka tena mstari haukuwapo. Sista Sikudhani alikuwa amepanda juu ya meza kuu, akakanyaga kitambaa cheupe na maua, akarukia upande wa pili, na wale watatu nyuma yake na maboksi yao. Chupa ya maji ya mgeni rasmi ilikuwa ikizungukazunguka chini.

Waziri aliitazama chupa, akaitazama hotuba.

"Wageni wa siku hizi," aliniambia, "adabu hawana. Lakini andika kwamba wamefurahi kufika."

Nikaandika kwamba wamefurahi kufika. Nilipoinua kichwa nilimwona kupitia dirishani, amepiga magoti kwenye mkeka wa mwanamke yule, anatafuta mshipa. Alikuwa analia waziwazi, lakini mikono yake iliendelea na kazi.